Je, Mwizi Ana Wasifu? Juu ya Wasomaji wa John Kiriamiti

Kitabu cha John Kiriamiti kiitwacho My Life in Crime kilichapishwa nchini Kenya mwaka 1984, mwaka uleule mwandishi alipotoka gerezani. Alikuwa amehukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa kosa la unyang'anyi, na kitabu alikiandika akiwa kifungoni. Lugha yake ni Kiingereza, lakini wasomaji wake wengi ni watu ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku, na ubishi juu yake hufanywa kwa Kiswahili. Makala haya yanauchunguza ubishi huo, kwa kuwa sehemu yake kubwa, kwa maoni yangu, inatokana na istilahi.

Wasomaji hao wamegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza, ambalo aghalabu ni la vijana, hufurahia mbio: benki, gari, fedha, na polisi nyuma. Humzungumza Jack Zollo, jina alilojipa msimulizi, kana kwamba ni mchezaji hodari wa mpira. Kundi la pili, ambalo walimu na wazazi wamo, hukilaumu kitabu. Husema kwamba mwandishi anausifu wizi, na kwamba kijana asiye na kazi atajifunza humo njia na kuusahau mwisho wake. Kundi la tatu hujibu kwamba siku za mwizi ni arobaini, na kwamba Kiriamiti amezihesabu zote bila kukomea ya thelathini na tisa.

Yafaa tulitazame neno "anausifu". Mtumishi mmoja wa serikali, nilipokitaja kitabu hiki kuwa ni tawasifu, alinikatiza akasema kwamba mwizi hana wasifu, ana jalada la polisi. Kauli hiyo ni ya mzaha, lakini imebeba kosa linalostahili kusahihishwa. Maneno wasifu, tawasifu, sifa na sifu yote yana shina moja la Kiarabu, ambalo maana yake ya msingi ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika sifa: tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji bila kumsifu mtu yeyote, na mtu huweza kuwa na sifa mbaya. Kitenzi sifu, hata hivyo, kimeelemea upande wa kutukuza. Basi sikio lisikiapo tawasifu, husikia shangwe ambayo istilahi yenyewe haina.

Mazoea ya fasihi yetu yameliongezea nguvu kosa hilo. Vielelezo tulivyofundishiwa istilahi hizi ni vya Shaaban Robert: Wasifu wa Siti binti Saad, na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Vyote viwili vinaeleza maisha ya watu wa kuigwa. Msomaji aliyelelewa na vitabu hivyo, akikuta jalada lenye maana ya "Maisha Yangu katika Uhalifu", hutarajia mawaidha. Akiyakosa katika kila ukurasa, hudhani ametukanwa.

Wako wanaopendekeza tukiite kitabu hiki riwaya, kwa hoja kwamba msimulizi ana jina la kubuni na kwamba kilitolewa katika mfululizo wa Spear Books, unaojulikana kwa riwaya pendwa. Pendekezo hili halina budi kukataliwa. Likikubaliwa, karani aliyeelekezewa bastola anageuka mhusika wa kubuni, na msomaji anasamehewa kumhurumia. Wengine hupendekeza ungamo. Hilo nalo lina kasoro: ungamo hudai toba, na huwezi kumpa mtu toba kwa kumchagulia jina la kitabu. Afadhali kubaki na tawasifu, kisha tuulize kama imeandikwa kwa uaminifu.

Kwa kipimo hicho, lawama za kundi la pili hazikosi msingi, ila zimeelekezwa mahali pasipo pake. Udhaifu wa kitabu hauko katika kueleza jinsi benki inavyoibiwa. Uko katika ukimya wa walioibiwa, ambao hupita haraka kama miti ya kando ya barabara. Mwaka 1989 Kiriamiti alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo mwanamke aliyeishi na mhalifu ndiye msimulizi. Hatua hiyo ni ya kusifiwa, kwa maana ya pili ya neno. Lakini kalamu ni ileile, na sauti ya Milly bado tunaisikia kupitia kwa mwanamume aliyemtaabisha.

Mfasiri atakayekichukua kitabu cha namna hii atakutana na ugumu mwingine. Msamiati wetu wa uhalifu umejengwa zaidi na wanaomfukuza mhalifu: mahakama, polisi, na riwaya za upelelezi kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Mfasiri asichanganye wizi na unyang'anyi, kwani unyang'anyi ni wizi wenye nguvu au vitisho. Aangalie pia neno jambazi. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilimaanisha mtu anayeiweka roho yake rehani, na nchini Iran limekuwa jina la heshima la askari waliolemazwa vitani. Kwetu ni laana. Msimulizi anayejiona jasiri hawezi kujiita jambazi katika kila sentensi. Mfasiri akimlazimisha, atakuwa ametoa hukumu kabla ya msomaji. Neno hilo liwekwe vinywani mwa polisi na majirani.

Kwa hiyo napendekeza tawasifu ifafanuliwe hivi katika orodha zetu: maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe, yawe ya kuigwa au ya kuepukwa. Walimu wakiifundisha kwa maana hiyo, mwanafunzi atakayekiokota kitabu cha Kiriamiti hatadhani kwamba ameandikiwa sifa za shujaa. Atajua kwamba amepewa ushahidi, na kwamba ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kumaliza kesi.