Kutoka Gombe hadi Malungu ya Ufipa: Filamu, Dijitali na Kazi ya Kumalizia

Filamu ya milimita 16 hula futi 36 kwa dakika ikipita kwenye kamera kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Roli ya futi 100 inakwisha kabla dakika ya tatu haijatimia. Ya futi 400 inakwenda dakika 11 na sekunde chache. Chukua hesabu hiyo uitie kwenye saa zaidi ya 100 za picha ambazo Mholanzi Hugo van Lawick aliziacha kutoka msitu wa Gombe, Kigoma, kazi aliyoianza mwaka 1962. Utapata mkanda wa zaidi ya kilomita 65. Ukiutandaza kutoka Sumbawanga mjini kuelekea ziwani, utapita nusu ya ile barabara ya kilomita 112 inayoshuka Kasanga kupitia Matai. Kila mita yake ilipakiwa gizani, ikabebwa mgongoni mlimani, ikasafirishwa Marekani kusafishwa. Aliyeipiga alikuwa keshaondoka kwenye tukio zamani ndipo apate habari kama picha imetoka au haikutoka.

Naanzia huko kwa sababu vijana wanaoshuti video za kwaya na harusi hapa mjini wana swali moja wasilochoka nalo: nitumie kamera gani video yangu iwe na sura ya filamu? Wengine hawaulizi tena. Wanapakua programu inayomwaga chembechembe na mikwaruzo juu ya picha safi, wanaipaka manjano kidogo, basi. Sina ugomvi na manjano. Lakini ukitazama jinsi kazi ya Gombe ilivyopigwa, halafu jinsi ilivyomaliziwa mara mbili, ya kwanza kwa mkasi na ya pili kwa kompyuta, utaona sura ya filamu ilitoka kwenye mambo ambayo programu haiyagusi.

La kwanza ni mwanga. Filamu za rangi za wakati ule zilikuwa nzito kuhisi mwanga. ASA 25 ilikuwa kipimo cha kawaida. Kwa filamu hiyo, mchana wa jua kali, kamera ikienda picha 24 kwa sekunde, lenzi inafungwa kwenye f/11. Hapo hakuna tatizo. Ingia chini ya miti: mwanga unashuka stopu nne, tano, pengine sita, kila stopu ikiupunguza kwa nusu, na sasa unahitaji f/2.8 au kufungua zaidi ya hapo. Lenzi ndefu ya kumvuta sokwe aliye mbali haifunguki hivyo. Nyingi zilikomea f/4 au f/5.6. Kwa hiyo mtu mwenye lenzi ndefu na filamu ya ASA 25 ndani ya msitu alikuwa na chaguo moja tu la kweli, kungoja mnyama atoke kwenye mwanga.

Au kumtoa. Sokwe aliyeitwa David Greybeard alikuwa ameanza kuchukua ndizi kambini kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, na kutoka hapo ukazaliwa utaratibu wa kuwawekea sokwe ndizi kwenye uwazi wa kambi. Kwa mpiga picha ilikuwa neema: nyuso zinaonekana, jua lipo, umbali unajulikana. Kwa sayansi ilizua mabishano ya miaka mingi, maana sokwe waliokusanyika kwenye ndizi waligombana kuliko kawaida yao. Simlaumu van Lawick. Ninachosema ni kwamba uzito wa filamu uliingia ndani ya kile kilichopigwa, na anayetazama picha zile leo anatazama pia masharti ya ASA 25. Kamera ya kidijitali ya kawaida, ile inayoshuti harusi ukumbini, inafanya kazi kwenye ISO 3200 (ISO ni ile ASA kwa jina la leo) bila kulalamika. Kutoka 25 hadi 3200 ni kuongeza mara mbili, mara saba mfululizo. Kwa stopu saba sokwe angepigwa akiwa juu ya mti wake mwenyewe, jioni, akijitandikia matawi ya kulalia.

La pili ni uamuzi. Mwenye dakika 11 kwenye kamera habonyezi ovyo. Anajua anangoja nini na ataanzia wapi, na anakata kabla tukio halijapoa. Ndiyo maana vipande vya Gombe vina mwanzo na mwisho hata kabla ya kuhaririwa. Sisi tunabonyeza asubuhi bwana harusi akinyoa na kuachia jioni watu wakiosha masufuria, halafu tunamwachia mhariri atafute harusi ilikuwa wapi. Dijitali haikukataza nidhamu. Imeacha kuidai tu.

Sasa kumalizia, ambako ndiko watu wa huku tunapita mbio.

Kipindi cha kwanza kikubwa kutokana na picha za Gombe, Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, kilirushwa Marekani mwaka 1965 kwa sauti ya Orson Welles. Kazi za milimita 16 za zama hizo zilimaliziwa kwa njia moja. Maabara inachapa nakala ya kazi, mhariri anaikata na kuiunga kwa gundi au utepe, na ile ya asili haiguswi. Uhariri ukikubalika, mtu mwenye glovu nyeupe anasoma namba ndogo zilizochapwa ukingoni mwa filamu, anatafuta namba zilezile kwenye ile ya asili, na anaikata mara moja. Akikosea fremu, imepotea. Vipande vinapangwa kwenye roli mbili, kimoja huku, kinachofuata kule, ili mishono isionekane wakati wa kuchapa. Rangi ilirekebishwa kwa mashine ya kuchapia yenye taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa na ngazi 1 hadi 50. Namba tatu kwa kila kipande, na namba hizo zinagusa fremu nzima. Ukiongeza bluu kwa ajili ya anga, uso wa mtu nao unakuwa wa bluu. Hakukuwa na namna ya kumwambia mtambo usiguse uso.

Umaskini huo wa zana ulizaa kitu ambacho vijana wanakitafuta bila kukijua: rangi za filamu za zamani zinatulia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuvuruga kona moja ya picha peke yake. Ulikuwa na ubaya wake pia. Filamu zenyewe zilipimwa rangi kwa ngozi nyeupe, kwa kadi za majaribio za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu zilizojulikana kwa jina la Shirley, na mtu mweusi aliyesimama mlangoni mwa nyumba juani alitoka meno na macho. Malalamiko yaliyosikilizwa zaidi, inasemekana, yalitoka kwa wafanyabiashara wa fanicha na chokoleti, waliotaka mbao zao na chokoleti zao zionekane vizuri. Kila ninapomsikia mtu akisifia sura ya filamu kama kitu kisicho na doa, nawakumbuka wenye chokoleti.

Zile roli za Gombe zilikaa kwenye hifadhi ya National Geographic zaidi ya nusu karne. Mwongozaji Brett Morgen alipozipata kwa ajili ya filamu yake Jane, iliyotoka mwaka 2017, zilikuwa zimechanganyika bila mpangilio na hazikuwa na sauti. Zikaskaniwa fremu kwa fremu, na kutoka hapo kila kitu kikawa cha kidijitali. Kijani cha msitu wa Gombe katika Jane kinawaka. Kwa jicho langu kimekolezwa kuliko msitu wenyewe, lakini kimekolezwa kwa ustadi, majani yakipanda huku nyuso za sokwe zikibaki na weusi wake. Taa tatu za mwaka 1965 zisingeweza hilo. Na kompyuta nayo isingeweza, kama filamu haikuwa na habari ya kutosha ndani yake ya kuvutwa. Picha ya mwaka 1962 ilivumilia kurekebishwa kwa zana ambazo mpigaji wake hakuwahi kuziota.

Uwezo huo wa kubadilisha rangi kipande kwa kipande ulionekana wazi mwaka 2000, katika O Brother, Where Art Thou? ya ndugu Coen. Mpiga picha Roger Deakins aliishuti kwa filamu huko Mississippi majira ya majani mabichi, kisha ikageuzwa rangi kidijitali ikawa nchi kavu ya vumbi. Mtu wa Ufipa anaelewa mara moja maana ya jambo hilo. Uwanda wetu una sura mbili: Februari mahindi na nyasi ni kijani mpaka milima ya Lyamba lya Mfipa, Septemba kila kitu kina rangi ya kikapu kikuukuu na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mwenye zana hizo anaweza kushuti Februari na kuonyesha Septemba.

Lakini aingie na faili gani? Hapa ndipo kazi nyingi zinapovunjika. Kamera tunazotumia huku zinaandika rangi kwa biti 8, maana yake kila rangi ina ngazi 256 tu. Anga la Juni juu ya Sumbawanga, kwenye mita 1,800 hivi, ni bluu inayofifia polepole hadi upeoni. Ndani ya ule mfifio ngazi unazotumia ni chache mno. Lipe anga hilo msukumo mdogo wa rangi na litakatika mistari mistari. Biti 10 zina ngazi 1,024, na tofauti inaonekana kwa macho. Mwanga ukizidi ni balaa jingine: negativu ya filamu huungua taratibu na kubaki na chembe za wingu, ilhali dijitali ikifika kikomo inakata na pale pana weupe mtupu ambao hakuna programu itakayourudisha. Mchana wa kiangazi punguza mwanga nusu stopu, linda mawingu, vivuli utavipandisha baadaye. Wa filamu ya negativu alifanya kinyume chake kabisa, alilisha vivuli na kuacha mawingu yajitetee. Anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine na desturi zake za zamani ataharibu kazi ya siku nzima.

Kuna kitu kimoja Ufipa ambacho kingepima haya yote kwa pamoja. Malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yenye kimo cha mita tatu hivi, yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika. R. C. H. Greig aliandika juu ya uyeyushaji huo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda akaufanyia utafiti mrefu. Maandishi yapo. Tuseme wazee na wataalamu wamekubali kuwasha ilungu moja tena kwa ajili ya kamera. Ushuti kwa nini?

Kwa dijitali, bila kusita. Moto wa ilungu unakwenda usiku na mchana, na usiku mwanga pekee ni ule wa matundu. Hata filamu nyepesi ya leo, ISO 500, inaziacha nyuso za watu zaidi ya stopu mbili na nusu nyuma ya ISO 3200. Halafu roli zikatwe kila dakika 11 katika shughuli isiyorudiwa, ambamo tukio muhimu halina saa, na kisha zipandishwe ndege kwenda maabara ng'ambo! Hapana. Ningechukua biti 10, kamera moja imesimama tuli ikitazama tanuri zima, nyingine mkononi. Na ningeazima kitu kimoja kwa van Lawick: yule wa mkononi apewe kadi ndogo kwa makusudi, ajifunze kungoja.

Baada ya hapo inakuja gharama ambayo filamu iliilipa mapema. Faili za ProRes 422 HQ za 4K kwa picha 25 kwa sekunde zinachukua gigabaiti 330 hivi kwa saa. Saa 100 ni terabaiti 33. Ukiweka nakala tatu, kama inavyopasa, unakaribia 100. Diski ngumu haikai kabatini miaka 50 kama roli za Gombe. Kanda za LTO zinadumu zaidi, lakini mashine ya kizazi cha 8 inasoma kizazi cha 7 na haisomi cha 6, kwa hiyo kila miaka michache kuna mtu lazima ahamishe kila kitu, na mtu huyo lazima alipwe. Filamu ya asetati nayo ina maradhi yake: kwenye joto na unyevu inaoza na kunuka siki. Baridi ya Sumbawanga ingeifaa kuliko joto la Tanga au Dar es Salaam. Baadhi ya studio kubwa za Marekani, ambazo zinashuti kwa dijitali, bado zinachapa kazi zilizokamilika kwenye filamu nyeusi na nyeupe, rangi tatu katika roli tatu, na kuzifungia mahali pa baridi. Hawafanyi hivyo kwa mapenzi ya zamani, wamepiga hesabu.

Kwa bajeti ya huku sitazamii roli tatu. Natazamia nakala moja Sumbawanga, moja chuo kikuu, moja nje ya mkoa, na daftari la karatasi linaloeleza kila faili ni nini, nani anaonekana na anafanya nini. Morgen alikuwa na fedha za kuajiri watu wa kupanga roli zilizochanganyika. Sisi hatutakuwa nazo.

Na sauti. Ya Gombe ilibidi ijengwe upya studio, mlio kwa mlio, kwa sababu kamera ilikuwa bubu. Wimbo wa watu wanaolisha ilungu haujengeki studio. Maikrofoni iwekwe upande ambao moshi hauendi, hatua kadhaa kutoka kwenye matundu, na ivikwe manyoya ya kuzuia upepo, maana upepo wa uwandani mwezi Agosti unaingia kwenye maikrofoni tupu na kufunika kila neno.