Malipo ya Kila Mwezi, Hesabu ya Mwaka Mzima

Tarehe 15 Julai 2021 Marekani ilianza kuzilipa familia fedha za watoto kila mwezi. Awamu ya kwanza peke yake ilifikia takriban dola bilioni 15, kwa familia zipatazo milioni 35. Sheria iliyotiwa saini Machi mwaka huo ilikuwa imepandisha nafuu ya kodi ya watoto hadi dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wa miaka 6 hadi 17. Nusu ililipwa mapema kwa awamu sita, Julai hadi Desemba, yaani dola 300 au 250 kwa mwezi kwa kila mtoto. Nusu ya pili ilidaiwa kwenye ritani ya kodi mwanzoni mwa 2022.

Kulipa takriban miezi minne tangu sheria kutiwa saini ni kazi ya kusifiwa. Palipopwaya ni penye familia zilizobadilika katikati ya mwaka. Kwa sehemu kubwa malipo yao hayakubadilika hadi walipowasilisha ritani.

Sababu iko kwenye msingi wa hesabu. Stahili ya nafuu hii hupimwa kwa mwaka mzima, na mwaka 2021 ulikuwa haujaisha. Mamlaka ya kodi, IRS, ilichukua ritani ya 2020, au ya 2019 pale ile mpya ilipokuwa haijashughulikiwa, ikakadiria kuwa nyumba iliyoonekana mle ndiyo itakayokuwepo Desemba 31. Mabadiliko ya kalenda yalikwenda vizuri: mtoto wa kutimiza miaka 6 mwaka huo alihesabiwa dola 250 tangu mwanzo, wa kutimiza 18 akaachwa. Lakini kuzaliwa, ndoa, talaka, au mtoto kuhamia kwa bibi, hayo IRS isingeyajua bila kuambiwa.

Njia ya kuiambia iliahidiwa. Tovuti ilifunguliwa Juni, mwanzoni kwa kuhakiki jina na kujitoa tu. Kisha ukaweza kubadili akaunti ya benki, Agosti anwani, na Novemba, zikiwa zimebaki awamu mbili, kipato. Sehemu ya kuongeza mtoto au kueleza ndoa na talaka haikufunguliwa kabisa. Mtoto aliyezaliwa Februari 2021 hakulipiwa hata senti katika miezi ile sita. Dola zake 3,600 zilikuja zote kwa pamoja baada ya ritani iliyowasilishwa 2022. Kwa mwaka, wazazi hawakupunjwa. Lakini maziwa na nepi hununuliwa kila wiki, na mpango huu ulibuniwa kwa ajili ya matumizi ya namna hiyo.

Pale marekebisho yalipowezekana, kanuni ilikuwa rahisi: chukua nusu ya nafuu, toa kilichokwisha kulipwa, gawa kwa miezi iliyobaki. Aliyeanza kulipwa Oktoba alipata hadi dola 600 kwa mwezi kwa mtoto mdogo. Aliyeanza Desemba, hadi 1,800 kwa mara moja. Ziada nayo ilirudishwa kwa njia hiyo hiyo. Mume na mke wenye ritani moja walihesabiwa kila mmoja na nusu yake. Septemba, pale mmoja alipobadili akaunti au anwani na mwenzake asibadili, nusu hizo zilipishana: baadhi ya malipo yalichelewa, mengine yakazidi, kwa kawaida kwa dola 31.25 kwa mtoto mkubwa na 37.50 kwa mdogo. Ziada hiyo ikakatwa dola 10 hadi 13 kwa mtoto kila mwezi mpaka Desemba.

Pagumu zaidi ni kwa wazazi walioachana. Wengine hupokezana: mwaka huu mama anamdai mtoto kwenye ritani, mwakani baba, kwa idhini ya maandishi. Chukulia mama mwenye mtoto mmoja wa miaka 9, aliyemdai 2020, na zamu ya 2021 ni ya baba. IRS ilimlipa mama dola 1,500. Baba akadai 3,000 kamili, na ni haki yake. Kwa mama, Bunge liliweka kinga: mzazi anayeendesha nyumba peke yake kwa kipato kisichozidi dola 50,000 alisamehewa hadi dola 2,000 kwa kila mtoto aliyezidi, kisha kinga ikapungua taratibu hadi kwisha kwenye 100,000. Mwenye kipato cha 45,000 hakudaiwa kitu. Mwenye 75,000 alibakiwa na kinga ya 1,000, akarudisha 500.

Sasa mwongezee mama huyo mtoto wa miaka 4, ambaye anabaki kwenye ritani yake. Amelipwa 3,300 kwa watoto wawili, na stahili yake ni 3,600 za yule mdogo. Kwa kuwa jumla haikuzidi, kinga haimhusu, hata kama kipato chake ni dola 20,000. Alitarajia 1,800 zilizobaki za mdogo, anapata 300. Hakuna barua inayosema anadaiwa, lakini zile 1,500 za mkubwa zimechukuliwa zote kutoka fungu la mdogo. Kwangu hii ni kasoro kubwa kuliko ya tovuti, kwa sababu imo ndani ya sheria yenyewe.

Kipato kilichopanda hakikuwa na kinga, ila kwa wengi madhara yalikuwa madogo: hata nafuu ya mtoto mdogo iliposhuka hadi dola 2,000, mzazi alikuwa amepokea 1,800 tu.

Kanada nayo hulipa kila mwezi, na kipato hutolewa kwenye ritani ya mwaka uliotangulia. Lakini mtoto na ndoa hufuatwa mwezi kwa mwezi. Ndoa huripotiwa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, utengano baada ya kupita siku 90, na malipo huhesabiwa upya. Mama aliyeishi na mtoto Agosti ana haki ya Agosti, hata mtoto akihamia kwa baba Septemba.

Nyongeza ya Marekani ilikoma Desemba 2021. Kwa kipimo cha ziada cha umaskini cha ofisi ya sensa, umaskini wa watoto ulipanda kutoka asilimia 5.2 mwaka huo hadi 12.4 mwaka 2022. Wanaopigania kuirudisha waanze na kifungu cha stahili, kisomeke mtoto analelewa na nani mwezi huu. Tovuti itengenezwe kufuata kifungu hicho.