Namna ya Kuzitambua Mbio Njema za Mjini

Mtu aliyeazimia kukimbia mbio ndefu katika mji mkubwa, ziwe za kilomita 21 au 42, aghalabu hukutana na mapambo yake kabla ya kukutana na mbio zenyewe: bango lenye sura ya bingwa, fulana yenye rangi za mdhamini, medali nzito, na ahadi ya muziki njia nzima. Sina bughudha na mapambo hayo, kwani mbio za mjini ni sikukuu pia, na sikukuu isiyo na pambo hupooza. Walakini ada haitozwi kwa ajili ya medali. Hutozwa kwa ajili ya kazi ya watu wengi ambayo ikifanywa vyema mkimbiaji hana habari nayo, na ikifanywa vibaya huipata habari yake mwilini. Kazi hiyo ndiyo inayostahiki kutazamwa kabla ya fedha kutoka mkononi.

Hapo awali jambo lilikuwa jepesi. Mbio za New York zilipoanza mwaka 1970, watu 127 walijipanga ndani ya bustani ya Central Park kwa ada ya dola 1, wakaizunguka bustani hiyo mara kadhaa, na 55 tu ndio waliomaliza. Mwaka 1976 mbio hizo zilitolewa bustanini zikapitishwa katika sehemu zote tano za mji, miji mingine ikafuata mfano, London ikaanza zake mwaka 1981, na maombi ya nafasi za London kwa mwaka 2026 yalizidi milioni moja. Penye watu wengi kiasi hicho pana biashara, na biashara si aibu. Lakini palipo na mwuzaji pana mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kupima anachouziwa.

La kwanza, basi, ni kipimo. Mnunuzi wa kitambaa hukinyosha kwa mkono wake mwenyewe akajua kama amepunjwa. Mkimbiaji hana mkono wa kupimia barabara, na ile saa aliyoivaa, inayotegemea setilaiti, hubahatisha sana katikati ya majumba marefu. Hana budi kuutegemea uaminifu wa mpimaji. Marathoni ni kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa katika Olimpiki ya London ya 1908 na kufanywa kanuni mwaka 1921, na upimaji wake ni sanaa yenye adabu zake. Mpimaji hufunga kihesabio kidogo kwenye gurudumu la mbele la baiskeli, kisha huiendesha baiskeli hiyo mara nne juu ya mstari ulionyooka, wa mita mia tatu au zaidi, uliokwisha kupimwa kwa utepe wa chuma, apate kujua gurudumu lake huhesabu kiasi gani katika kila kilomita. Ndipo aifuate njia ya mbio, wakati barabara hazina magari, akishika mkato mfupi kuliko yote uwezekanao, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kila kona. Akiisha kumaliza hurudi kwenye mstari wake akauendesha tena mara nne, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi hutanuka, gurudumu likakua kidogo, na hesabu ya alfajiri ikawa si hesabu ya adhuhuri. Juu ya hayo huongeza mita 1 katika kila mita 1,000, ili kosa, likiwapo, lisiwe la kupunguza. Ndiyo maana marathoni iliyopimwa kwa insafu huzidi umbali wake kwa mita 42 hivi. Ni vigumu kwangu kuitaja kazi hii bila ya kumheshimu mtu yule aliyeinama juu ya baiskeli yake katika mji uliolala, akitafuta sentimita ambazo hakuna atakayemshukuru kwa kuzipata.

Kwa hiyo swali la mwanzo la kumwuliza mwandaaji ni hili: ni nani aliyeipima njia, lini, na cheti chake kiko wapi? Njia iliyopimwa sawasawa ina cheti, na mwandaaji mwenye nacho hukitangaza kwa fahari. Asiye nacho hujibu kwamba umbali ni «kama» kilomita 21, na neno hilo dogo hutosha kumwondoa mwenye kutafuta saa ya kweli. Hata katika miji yenye mazoea ya mambo haya ila hutokea: mwaka 2016 ilitangazwa kwamba njia ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 2013, 2014 na 2015 ilikuwa pungufu kwa mita 380. Kwa mkimbiaji wa saa nne hizo ni dakika 2 na sekunde 10 hivi, na maelfu ya watu waliojinyima usingizi na chakula kwa ajili ya saa zile walikuta haziwezi kuhesabiwa.

Kipimo kikiisha kuthibitika, huja umbile la ardhi. Njia ya Boston, mji uliokuwa na mbio hizi tangu 1897, ni sahihi kwa urefu wake, lakini huteremka zaidi ya mita 130 toka mwanzo hadi mwisho, na mwisho uko mbali mno na mwanzo, hata upepo wa nyuma ukivuma humsukuma mtu njia nzima. Ndiyo sababu Geoffrey Mutai wa Kenya alipokimbia huko mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia, haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Je, njia hiyo haina thamani? Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania hapo hapo Boston kwa sekunde 1 tu, baada ya kilomita 42 za kushindana, na sidhani kama kuna barabara iliyowahi kupata taadhima kubwa kuliko hiyo. Lililo muhimu ni mtu kujua anachokitafuta. Anayetaka saa nzuri na aende Berlin au Chicago penye tambarare. Anayeingia mbio za Nairobi akumbuke kwamba yuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na saa atakayoipata huko asiilinganishe na ya pwani.

Pwani nako kuna mtihani wake, nao ni joto. Mwaka 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, na katika joto na unyevu ule Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha njiani, Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo joto liliikumba Chicago, wakimbiaji wakalalamika kwamba maji yalikwisha vituoni, na wasimamizi wakasimamisha mbio kabla maelfu hawajamaliza. Maadamu bingwa wa dunia huangushwa na hewa, raia wa kawaida asidhani nia njema itamwokoa. Mbio za Dar es Salaam au Mombasa zinazoanza saa mbili asubuhi, ili mgeni rasmi awahi kufika na kuhutubia, ni mbio za mgeni rasmi; zenye kumjali mkimbiaji huanza kabla ya jua.

Vituo vya maji viangaliwe kwa makini. Kwa kanuni huwekwa kila kilomita 5 hivi, na palipo na joto vinapaswa kukaribiana zaidi. Lakini idadi peke yake haisemi yote. Meza moja fupi huleta msongamano, watu wakasukumana na kuanguka. Meza ndefu, zilizopangwa pande zote mbili za barabara, huwatawanya. Kwetu hupewa watu maji ya chupa, na chupa iliyotupwa ingali na kizibo na maji nusu huviringika chini ya mguu wa anayefuata ikamvunja kifundo. Kituo kilichosimamiwa vyema kina vijana wanaofungua vizibo mapema, na wengine wenye mifagio.

Kuhusu njia yenyewe, inatosha kuuliza kama polisi wa usalama barabarani wanaifunga kweli, au wanasimamisha magari kwa zamu huku bodaboda na daladala zikipenya; na kama watembeaji wa kilomita 5 wanaingizwa mbele ya wakimbiaji wa 21 katika barabara moja, jambo ambalo huwaudhi wote wawili. Kadhalika kikomo cha muda kijulikane: Chicago hutoa saa 6 na nusu, yaani dakika 9 na robo hivi kwa kila kilomita. Kikomo kifupi si dhambi, mradi kimetangazwa.

Masharti yasomwe mpaka chini, hususa juu ya kuahirishwa. New York ilipofuta mbio zake za 2012 kwa sababu ya kimbunga Sandy, siku mbili tu kabla, wakimbiaji hatimaye walipewa hiari ya kurudishiwa ada au kushikiwa nafasi ya miaka iliyofuata. Mwandaaji asiyesema lolote juu ya hilo amekwisha kusema.

Na ikiwa mtu, baada ya kuuliza yote hayo, angali na shaka, basi mwaka huu asijisajili. Siku ya mbio aende kama mtazamaji, asisimame kwenye utepe wa mwisho wanakopokewa washindi, bali aende kilomita ya 35, saa ile mabingwa wamekwisha oga na kuondoka, atazame kama meza zingali na maji, kama daktari yupo na gari lake linaweza kutoka, kama barabara haijarudishiwa magari kabla ya saa iliyotangazwa, na kama wale vijana wa vizibo bado wanamwita kila mkimbiaji anayepita.