Deni la Daktari Tenma: Juu ya "Monster" ya Naoki Urasawa

"Monster", hadithi ya picha ya Mjapani Naoki Urasawa, ilitolewa kwa mfululizo tangu 1994 hadi 2001, ikajaza vitabu 18. Ni hadithi ya upelelezi, lakini muuaji hafichwi: msomaji humjua Johan kabla ya polisi. Kinachomshika basi ni deni la daktari Tenma, mpasuaji wa ubongo mjini Düsseldorf. Huyu aliwahi kutii amri ya mkurugenzi wake akamtibu mwimbaji mashuhuri, na kibarua Mturuki aliyeletwa kwanza akafa. Mwaka 1986 akakataa kumwacha mtoto aliyepigwa risasi kwa ajili ya meya. Mtoto akapona, ndiye Johan. Je, aliyeokoa uhai ana haki ya kuuondoa? Urasawa hajibu kwa hotuba: Tenma huzunguka Ujerumani akibeba bunduki, na njiani hukuta wagonjwa, akawatibu.

Ni kweli, sehemu ya Prague imerefushwa mno, na wahusika wadogo huongezeka hata majina yakachanganya. Lakini Lunge, mpelelezi anayechezesha vidole hewani kama apigaye taipu ili ahifadhi kumbukumbu, humrudisha msomaji kitabuni: akili yote ile, na kwa miaka anamwinda asiye na hatia.