Kiti cha Waya na Hewa

Harry Bertoia, mchongaji mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani mwaka 1930, alibuni kiti cha Almasi kwa ajili ya kampuni ya Knoll, kikatoka mwaka 1952. Waya za chuma zimekunjwa na kuchomelewa zikawa wavu. Upepo hupenya, mwanga hupenya, mwili hubaki umebebwa. Wapo wadaio kuwa sanaa ikishakaliwa hushuka hadhi. Kiti hiki chawakanusha: umbo lake latii mgongo wa mkaaji kama shairi litiivyo mizani, na uzuri wake watokana na utii huo. Dosari ipo: pasi na mto, waya humwumiza akaaye kwa muda. Hata hivyo, mapato ya kiti hicho ndiyo yaliyomwezesha Bertoia kurejea kwenye sanamu zisizokaliwa.