Uzi wa Tatu: Mbinu ya Peter Collingwood na Jinsi Alivyoigawa

Mfumaji wa mazulia huamua mambo mengi kabla hajapitisha hata mshindio mmoja. Hutanda nyuzi za mtande, akaupitisha kila uzi kwenye kitanzi chake, na kila kitanzi kimekaa kwenye fremu yake. Akikanyaga pedali, fremu hupanda na nyuzi zake zote hupanda nayo. Kuanzia hapo ua atakalofuma limeshafungwa. Anaweza kubadilisha rangi au zamu za kukanyaga, lakini miraba itabaki palepale ilipopangwa. Akitaka duara, au mstari unaokatiza zulia kwa mshazari, itambidi aiache kasi ya kitanda cha kufumia na kuingiza rangi kwa vidole, kipande kwa kipande. Kazi ya siku inageuka kuwa ya wiki, na bei inapanda hadi mnunuzi anakimbia.

Peter Collingwood, Mwingereza aliyefariki Oktoba 2008 akiwa na miaka 86, alilifungua fundo hilo. Tena hakulifungua akakaa kimya. Alimwonyesha kila aliyetaka kujua, kwa mkono, kwa mchoro na kwa kitabu, na ndiyo maana jina lake linatajwa kwa heshima kila wafumaji wa mazulia wanapokutana.

Hakuanza kama fundi. Alizaliwa London mwaka 1922, akasomea udaktari katika hospitali ya St Mary's, kisha akafanya kazi na Msalaba Mwekundu miongoni mwa wakimbizi nchini Jordan. Huko ufumaji ulimvuta. Mwaka 1950 aliuacha udaktari, akaenda Ditchling, Sussex, kujifunza katika karakana ya Ethel Mairet, mama aliyeheshimika mno katika ufumaji wa mkono nchini Uingereza. Miaka miwili baadaye alikuwa na karakana yake mwenyewe London, na mwaka 1964 akahamia Nayland, kijiji kilicho karibu na Colchester, ndani ya jengo lililokuwa shule. Aliishi na kufanya kazi hapo hadi mwisho.

Sasa tuitazame mbinu yenyewe. Chukua nyuzi tatu za mtande zilizo jirani. Mbili zina kazi ya kudumu: hupanda kwa zamu na kuushika mshindio usilegee. Ule wa tatu ndio unaoamua rangi gani ionekane. Mfumaji anatumia mishindio miwili, tuseme mweusi na mweupe, kwa kupokezana. Mweupe ukipita wakati uzi wa tatu umeinuliwa, unazama upande wa chini. Ukipita wakati uzi huo uko chini, unajitokeza juu. Mweusi unafanya kinyume chake. Kwa hiyo zulia linapata nyuso mbili zinazofaa kutumika: palipo peusi juu, chini yake ni peupe.

Katika kitanda cha kawaida, uzi huo wa tatu unaitii fremu moja tu, ama ya tatu ama ya nne, tangu siku ya kutanda hadi zulia linakatwa. Collingwood aliufanya uhame. Aliuunganisha na fremu zote mbili kwa kamba, na juu ya kitanda akaweka nyenzo za kuchagua ni ipi ifanye kazi. Mfumaji akigeuza wenzo mmoja, uzi uliokuwa ukiitii fremu ya tatu unaanza kuitii ya nne. Hakuna kukata wala kufungua mtande. Ukihamisha uzi mmoja kila baada ya mistari michache, mpaka wa rangi unasogea hatua moja, na mstari wa mshazari unazaliwa. Ukihamisha kwa kasi inayobadilika, mstari unapinda, na duara linapatikana. Muda wote huo mshindio unapita kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama.

Uzuri wa jambo hili, kwa jinsi ninavyolielewa, upo kwenye uchache wa kilichobadilishwa. Hakubuni mashine mpya. Aliziacha mbili kati ya nyuzi tatu zilivyokuwa, akaushughulikia uzi mmoja. Huo ni uchunguzi wa daktari: kutafuta kiungo kimoja kinachozuia mwili mzima, na kukitibu hicho.

Zulia la aina hii lina tabia nyingine inayomsumbua kila mwanafunzi. Mtande wake umetandwa kwa nafasi na kukazwa sana, na mshindio ndio unaoufunika wote. Mshindio ukivutwa ukanyooka, kingo zinaingia ndani na zulia linakuwa na kiuno. Dawa yake ni kuulaza kwa mawimbi: unaupitisha uzi, kisha unaushusha kwa ncha ya kidole hapa na pale hadi unafanya matao madogo yanayolingana, ndipo unagonga kwa chanuo. Urefu wa ziada uliomo ndani ya matao ndio unaozunguka kila uzi wa mtande. Matao yakiwa makubwa mno, uso wa zulia unatoa vijipete. Yakiwa madogo mno, mtande unachungulia. Ni jambo la sekunde chache, linalorudiwa maelfu ya mara, na mwalimu asipolisimamia, hakuna ua litakaloliokoa zulia.

Kazi yake nyingine kubwa, ile aliyoiita Macrogauze, ilianza katika miaka ya 1960. Ipo aina ya kitambaa chepesi ambamo uzi wa mtande humruka jirani yake, ukarudi, na kuacha tundu. Collingwood alilifanya hilo kwa mafungu mazima. Aliligawa chanuo katika vipande vinavyotoka na kurudi, kila kipande kikiwa na fungu lake la nyuzi. Anakichomoa kipande, anakihamisha juu ya kingine, anakirudisha mahali papya, anaendelea kufuma. Mtande, ambao kwa mfumaji ni kitu cha kunyooka tu, ukaanza kutembea kwa mshazari. Fito nyembamba za chuma ziliushika upana. Mapambo haya ya ukutani, mengi ya kitani, aliyapa nambari badala ya majina. Mwaka 1969 kazi zake zilioneshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, pamoja na vyungu vya Hans Coper.

Fundi mwingine angeishia hapo, akaifunga milango. Ufundi una wivu wake, na siwalaumu wote wanaoficha, kwa kuwa siri ndiyo riziki yao. Lakini Collingwood naye aliishi kwa kuuza kazi za mikono yake, na mwaka 1968 alitoa kitabu chake cha mbinu za kufuma mazulia, chenye zaidi ya kurasa 500. Ndani yake kila muundo umefumuliwa: uzi upi uko fremu ipi, pedali ipi inakanyagwa lini, nini kinabadilika ukigeuza hatua moja. Alisafiri kufundisha, Marekani mara nyingi. Mwaka 1974 alitoa kitabu kuhusu ufumaji wa kale usio na mshindio kabisa, ambamo msokoto unaofanywa juu ya nyuzi zilizokazwa unajirudia wenyewe upande wa chini. Mwaka 1982 kikafuata cha ufumaji wa mikanda kwa vibao vyenye matundu pembeni, na mwaka 1998 cha mikanda ya ngamia ya India, ambayo hutengenezwa kwa kupitisha kamba moja katikati ya msokoto wa nyingine. Hizi hazikuwa mbinu zake. Alijifunza kwa mafundi na kwa mabaki yaliyomo kwenye makumbusho, akaziandika ili zisipotee.

Sisi wa pwani tunajua hasara ya kutoandika. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyowekwa kwenye pia za kusokotea pamba. Wareno walizisifu nguo za Pate. Vigae tunavyo na sifa tunazo, ila mpangilio wa nyuzi kwenye vile vitanda na zamu za mikono ya wale wafumaji hatuna.

Mwanawe Collingwood, Jason, ni mfumaji wa mazulia na anatumia mbinu ya kuhamisha uzi. Na wasiomfahamu yeyote wa familia hiyo wanaitumia pia, kwa kuwa maelezo yapo.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha ufumaji na ususi, wa mikeka, vikapu au kofia: hesabuni miyaa, andikeni mkono upi unaanza, mwaa mpya unaungwa wapi, rangi inaingia vipi. Choreni. Kisha mpeni mtu asiyejua afuate maelezo yenu ninyi mkiwa hampo. Pale atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.