Wazimu au mizimu? Wasomaji mbele ya trilojia ya Kelley Armstrong

Riwaya tatu za Kelley Armstrong, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1968, zilitoka moja baada ya nyingine katika muda wa miaka mitatu: The Summoning mwaka 2008, The Awakening mwaka 2009 na The Reckoning mwaka 2010. Kwa pamoja zinaitwa Darkest Powers, na wasomaji wa Kifaransa wanazijua kwa jina la Pouvoirs obscurs. Zimeandikwa kwa ajili ya vijana, nazo ni za aina ile ya riwaya za taharuki ambamo wafu huzungumza, wachawi huwindwa na wanasayansi, na mtu hugeuka mbwamwitu. Wanazuoni wengi huzipita riwaya za namna hii bila kugeuka nyuma. Wasomaji wa kawaida, kinyume chao, wamezijadili sana, na maneno yao yanastahili kupimwa kwa makini. Si kwamba yana haki daima. Ila pale yanapokosea, kosa lenyewe hufunua jambo ambalo sifa tupu zisingelifunua.

Kisa kinasimuliwa na mhusika mkuu mwenyewe, Chloe Saunders, msichana mwenye umri wa miaka 15 anayeishi mjini Buffalo, katika jimbo la New York, na anayeota kuwa siku moja mwelekezi wa filamu. Mama yake alikwisha kufariki, baba yake yu safarini mara kwa mara kwa shughuli zake, na anayemwangalia hasa ni ndugu ya mama yake, Lauren, ambaye ni daktari. Siku moja shuleni Chloe anafukuzwa na mzuka wa mfanyakazi wa usafi aliyeungua uso. Hakuna mwingine anayeuona. Walimu wanamkamata, naye anatoka shuleni hapo akiwa mgonjwa mbele ya macho ya wote. Anapelekwa Lyle House, nyumba ya kuwatunza vijana wenye matatizo ya akili, na huko anafahamu kwamba amepewa jina la ugonjwa: skizofrenia. Polepole inadhihirika kwamba yeye ni mwita wafu, kwamba wenzake nao wana nguvu zao, na kwamba wote ni matokeo ya majaribio ya kuzibadili chembe za urithi, yaliyofanywa na kundi la wanasayansi liitwalo Edison Group. Kitabu cha pili ni cha kutoroka. Cha tatu ni cha kujificha, kisha kurudi kupambana.

Lalamiko moja la wasomaji halihitaji mjadala mrefu. Wanasema kitabu cha kwanza hakina mwisho, na hilo ni kweli. Kisa kinakatwa pale Chloe anapotambua kwamba amesalitiwa na mtu aliyemwamini kuliko wote, na kurasa zinakwisha yeye akiwa amefungiwa. Huo si mwisho wa riwaya bali ni mwisho wa sura. Kinachoitwa trilojia hapa ni riwaya moja ndefu iliyogawanywa katika majalada matatu, na sababu za mgawanyo huo zinaonekana kuwa za kibiashara kuliko za kisanaa. Msomaji aliyenunua kitabu ana haki ya kupewa kitabu. Hata jalada la tatu linafunga mlango nusu tu, kwa kuwa vijana hao bado wanawindwa. Na mwandishi alirudi katika ulimwengu uleule kwa trilojia nyingine, Darkness Rising, iliyotoka kati ya mwaka 2011 na 2013, akiwa na vijana wengine.

Lalamiko la pili lina uzito zaidi, na ndilo linalogawanya wasomaji. Wengi wao wanaona kwamba nusu ya kwanza ya The Summoning inakwenda polepole mno, na kwamba Chloe anachelewa kupita kiasi kutambua alivyo. Msomaji amekwisha kujua. Kwa nini huyu msichana hajui? Anaambiwa, anaonyeshwa, naye anarudi tena kusema kwamba labda ni mgonjwa. Wanaomtetea hujibu kwamba ni mtoto aliyetishwa, na kwamba woga wake ni wa kweli. Jibu hilo ni la upole, lakini halifiki kwenye shina la jambo.

Mwaka 1967, katika hotuba yake huko Konstanz, Hans Robert Jauss alieleza kwamba kazi ya fasihi haimfikii msomaji ikiwa mahali patupu. Inampata tayari ana upeo wa matarajio uliojengwa na kazi nyingine alizozisoma. Kwa riwaya hii upeo huo umechorwa hata kabla ya ukurasa wa kwanza. Jina la kitabu linataja kuita. Jina la mfululizo linataja nguvu za giza. Kitabu kimepangwa kwenye rafu ya mambo ya ajabu, na mwandishi wake alikwisha kujulikana tangu mwaka 2001 kwa riwaya zake za watu-mbwamwitu. Hivyo swali ambalo Chloe anajiuliza kwa uchungu, yaani je, ninaona kweli au ninaumwa?, msomaji amepewa jibu lake dukani. Anayelalamika kwamba msichana ni mzito wa kuelewa anamlaumu kwa kutosoma jalada la kitabu ambacho yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Hapo ndipo sehemu inayoitwa ya polepole inapodhihirika kuwa sehemu bora ya trilojia nzima. Chukua tukio la Liz, msichana wanayelala naye chumba kimoja. Vitu hurushwa anapokasirika, naye anaamini kwamba kuna pepo mtundu anayemwandama. Anamsihi Chloe, kwa kuwa anasikia kwamba yeye huona wafu, amsaidie kusema na pepo huyo. Chloe anasita. Kumsaidia ni kukiri kwamba anawaona wafu, na kukiri hivyo ni kuthibitisha maradhi yake mbele ya watu ambao ndio watakaoamua lini ataruhusiwa kurudi nyumbani. Liz anaondolewa. Baadaye anatokea tena kitandani, akiongea kama kawaida, na wala Chloe wala Liz mwenyewe hajui kwamba amekwisha kufa. Tukio hili linamwumiza msomaji kwa kadiri ileile anavyokubali kwamba kusita kwa Chloe kulikuwa na akili. Yule anayeharakisha, akiwa na jibu lake mfukoni, anaona tu msichana mjinga aliyeshindwa kutambua mzuka.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina mvuto wa pekee, kwa maana lugha yenyewe ilikwisha kuligusa. Mzimu na wazimu ni maneno ya shina moja, -zimu, ambalo linaonekana pia katika umuzimu wa Kinyarwanda, omuzimu wa Kiganda na, kwa sauti iliyobadilika, molimo wa Kilingala. Roho ya marehemu na kuvurugika kwa akili vimekaa nyumba moja ndani ya msamiati, bila mmoja kumfukuza mwenziwe. Hii haina maana kwamba mababu walijibu swali la Chloe. Maana yake ni kwamba hawakuliona kuwa swali la kuchagua upande mmoja. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 2001, marehemu anarudi kumhoji mjukuu wake, na msomaji hana haja ya cheti cha daktari ili kuendelea kusoma. Ulimwengu wa Armstrong umelipasua shina hilo vipande viwili: wazimu umepewa hospitali, mizimu imepewa riwaya. Mhusika akitoka katika kipande kimoja sharti aangukie katika kingine.

Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wachache tu wamelitaja, ingawa ndilo zito kuliko yote. Ikiwa Chloe haumwi, basi daktari alidanganya. Ikiwa Rae, anayesemekana ana maradhi ya kupenda kuwasha moto, kwa kweli ana moto mikononi. Ikiwa hasira za Liz zilikuwa nguvu zake mwenyewe za kurusha vitu. Ikiwa Tori ni mchawi wa kuzaliwa. Basi kila jina la ugonjwa lililotajwa kwa hao vijana ni pazia. Kwa kisa cha taharuki hiyo ni hila nzuri. Lakini riwaya hizi zinasomwa na vijana wa umri uleule ambao skizofrenia yenyewe mara nyingi huanza kujitokeza baada yake kwa miaka michache tu, na miongoni mwao wamo wanaosikia sauti ambazo si za marehemu yeyote. Kijana wa namna hiyo anafundishwa nini? Kwamba wanaompa vidonge ni maadui, na kwamba akiviacha atajua ukweli. Anayesema hiyo ni hadithi tu na kila mtu anajua hivyo, anasahau kwamba ugonjwa huo huanzia palepale ambapo mtu hajui tena kipi ni hadithi.

Kumhukumu Armstrong kwa hilo peke yake kungekuwa kumwonea. Yeye mwenyewe alisomea saikolojia kabla ya kuishi kwa kalamu, na inaonekana. Jina la ugonjwa linapomfikia Chloe, hajilindi kwa kiburi. Anaogopa, anaona aibu, na yuko tayari kutii ili apone. Tena nguvu hizo, zinapofunuliwa, hazimponyi mtu. Chloe anaweza kuziamsha maiti bila kukusudia, na roho zinazorudishwa katika miili iliyooza zinateseka. Majaribio ya Edison Group yaliharibu uwezo wa kujizuia kwa hao vijana. Wamebaki hatari kwa wengine na kwa nafsi zao. Kwa hiyo ugonjwa haukukanushwa kabisa katika riwaya hizi. Umebadilishwa jina, na mzigo wake umebaki palepale begani.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni Derek, na kwa bahati mbaya ndiye mhusika ambaye wasomaji wamemzungumza zaidi kwa sababu nyingine. Sehemu kubwa ya maoni inashughulika na suala la nani anamfaa Chloe: Simon, mchangamfu na mpole, au nduguye wa kulelewa Derek, mtu-mbwamwitu mkali wa maneno. Wasomaji wengi wamefurahi kwamba mapenzi yanachelewa hadi kitabu cha tatu, na wamefurahi zaidi kwamba Derek si mzuri wa sura. Ana chunusi, nywele zake zina mafuta, na jasho lake linanuka. Baada ya mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer, ulioanza mwaka 2005 na ambao wanaume wake wa ajabu wanang'aa kama sanamu za duka la nguo, furaha hiyo inaeleweka, nayo ni hukumu nzuri ya kihakiki. Mwandishi amekumbuka kwamba kijana wa miaka 16 ni kijana wa miaka 16 hata akiota manyoya.

Lakini furaha hiyo imemfunika Derek mwenyewe. Kabla ya kuwa mchumba wa mtu yeyote, yeye ndiye mkazi wa Lyle House anayeamini kwamba panamstahili. Aliwahi kumvunja kijana mwingine uti wa mgongo katika ugomvi, kwa nguvu ambazo hakuweza kuzipima. Anajua alivyo, anajua pia kwamba daktari hajui, na hata hivyo anaona ni haki azuiliwe. Anapowapangia wenzake njia ya kutoroka anakusudia kubaki nyuma. Katika nyumba iliyojaa majina ya uongo, huyu mmoja amekubali hukumu ambayo sababu zake zilizoandikwa si za kweli, kwa kuwa anazo sababu zake mwenyewe zilizo mbaya kuliko hizo. Angekuwa ni yeye anayesimulia, trilojia hii isingesomwa kama habari ya vijana wazima walioitwa wagonjwa.

Armstrong amempa Chloe usimulizi, na pamoja nao mwendo wa kasi ambao wasomaji wanausifu kuanzia kitabu cha pili. Katika The Awakening kuna kukimbia, mabasi, maghala yaliyoachwa, na usiku ambao Derek anapambana na mwili wake unaotaka kugeuka huku Chloe akiketi karibu naye bila kujua la kufanya. Kurasa hizo za mwisho zilizotajwa zinasifiwa na karibu kila msomaji, na kwa haki. Hazina mkimbio wowote. Mtu anaumwa gizani, mwingine amekaa naye, na kwa muda huo hakuna anayeuliza jina la ugonjwa.